Majani ya maji ya Nzilo na uzito wa karboni yao

Mtu akinunua samaki wa Nzilo pale sokoni Kolwezi, anauliza bei, anatazama kama macho yake yangali maangavu na matamvua yangali mekundu, basi. Hakuna anayeuliza: samaki huyu alikula nini mbele ya kuingia wavuni? Walakini swali hilo lina maana kubwa kwa watu wanaokaa kando ya ziwa. Tuseme kijiji kimoja kinataka kukata matete na majani yote ya ukingoni, kusudi nyavu zisinaswe na mitumbwi ipite vizuri. Mzee mmoja anakataa: majani yale ndiyo shamba la samaki, mkikata shamba mtakula nini? Kijana anamjibu kwamba samaki hawali matete hata kidogo, bali wanakula ule ute wa kijani ulio ndani ya maji na juu ya mawe, ambao vitabu vinauita mwani. Nani ana haki? Kama mmoja akishinda kwa ukali wa sauti tu, kijiji kizima kinaweza kulipa kosa lake kwa miaka mingi.

Njia ya zamani ya kujibu ni kupasua tumbo la samaki na kutazama. Njia hiyo ni nzuri, wala tusiidharau. Lakini tumbo linatoa habari ya jana na leo tu. Habari ya mwezi uliopita haimo tena. Tena kitu kilichomezwa si lazima kigeuke nyama. Samaki wengi wanameza matope na vipande vya majani vilivyooza, wanachukua kidogo tu kilicho chema ndani yake, na kingine chote kinatoka jinsi kilivyoingia. Ndiyo sababu wenye elimu wametafuta shahidi mwingine, asiyesahau upesi. Shahidi huyo ni karboni yenyewe, ile iliyotoka katika jani ikaingia katika nyama. Katika makala haya nataka kueleza namna gani karboni inaweza kutoa ushuhuda, na juu ya nini majani ya maji yanausumbua ushuhuda huo kuliko majani ya nchi kavu.

Kwanza tukumbuke ziwa lenyewe. Ziwa la Nzilo si ziwa la tangu zamani za mababu. Ni maji ya mto Lualaba yaliyozuiwa na baraji iliyojengwa na Union Minière penye magenge ya Nzilo, si mbali na Kolwezi, ikamalizika mwaka 1952. Wakati ule waliliita Ziwa Delcommune, kwa jina la Mbelgiji Alexandre Delcommune aliyepita Katanga miaka ya 1891 na 1892. Baadaye jina la mahali likarudi. Kusudi la baraji lilikuwa umeme wa migodi, lakini maji yalipotandaa juu ya mabonde, majani yalikuja, samaki wakaongezeka, na wavuvi wakafuata. Kutoka hapo Lualaba inashuka, inapita baraji ya Nseke, kiisha inafika katika bonde la Upemba, penye ziwa Upemba na ziwa Kisale, ambako mafunjo yanashikana mizizi mpaka yanakuwa visiwa vinavyoelea. Mafunjo hayo tutayahitaji mbele kidogo.

Sasa tuje kwenye neno gumu. Waseminari wanaojifunza Kigiriki wanajua kwamba «isos» ni kusema sawa, na «topos» ni mahali. Mwaka 1913 Mwingereza Frederick Soddy alikuwa anatafuta jina la atomu ambazo katika orodha ya elementi zinakaa mahali pamoja, ingawa uzito wao si mmoja. Margaret Todd, mwanamke mganga na mwandishi wa Uskoti, ndiye aliyemshauri neno hilo la Kigiriki, na hivyo tukapata izotopu. Karboni zote ni karboni: zinaungua namna moja, zinaingia katika sukari na mafuta namna moja. Lakini nyingine ina uzito 12, nyingine uzito 13. Katika atomu 1000 za karboni, kama 989 ni za uzito 12, na kama 11 ni za uzito 13.

Hapa shurti niondoe hofu moja. Sisi watu wa Katanga tukisikia neno izotopu tunafikiri mara Shinkolobwe, uranio, bomu. Uranio ina izotopu zinazovunjika zenyewe na kutoa mionzi. Karboni 12 na karboni 13 hazivunjiki, hazitoi mionzi, zimekuwa vile tangu mwanzo na zitakaa vile. Ndiyo maana zinaitwa izotopu imara. Zimo katika bukari yako ya mchana, zimo katika damu yako, wala hazidhuru mtu. (Kuna karboni 14 pia, ambayo inavunjika polepole na inatumiwa kuhesabu miaka ya mifupa na makaa ya kale. Hiyo ni habari nyingine.)

Kupima tofauti hizo si kazi ya mizani ya sokoni. Kunatumika mashini inayoitwa spektrometri ya uzito. Jani linakaushwa, linasagwa kuwa unga, linachomwa. Gazi ya karboni inayotoka inapewa umeme na kurushwa mbele ya sumaku. Atomu nyepesi zinapindishwa sana, zile nzito zinapindishwa kidogo, na kila kundi linahesabiwa pahali pake. Mmarekani Alfred Nier ndiye aliyetengeneza mashini hizo vizuri, na mwaka 1939 yeye na mwenzake Gulbransen walionyesha kwamba karboni ya mawe ya chokaa ina uzito 13 mwingi kidogo kupita karboni ya mimea. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilirudi kila mara walipopima. Ndipo watu walipojua kwamba viumbe vyenye uhai vinachagua.

Kwa kulinganisha, walihitaji kipimo kimoja kwa wote. Walichukua ganda la mnyama wa baharini wa zamani sana, mfano wa ngisi, lililogeuka jiwe katika Carolina ya Kusini, Marekani, wakaliita sifuri. Ganda lile limekwisha kutumika lote, sasa kuna vipimo vingine vilivyolinganishwa nalo, lakini sifuri imebaki ileile. Kitu chenye karboni 13 chache kupita ganda hilo kinapewa namba ya chini ya sifuri, nayo inahesabiwa kwa elfu, si kwa mia. Hewa tunayovuta leo iko karibu na -8.5 kwa elfu. Mbele ya viwanda vya Ulaya ilikuwa kama -6.5, moshi wa makaa na petroli, ambayo ni mimea na viumbe vya kale, umeifanya hewa kuwa nyepesi. Ndiyo sababu jani lililokaushwa Katanga katika miaka ya 1950 na kuwekwa katika mkusanyo mkubwa wa mimea ya Afrika ya Kati pale Meise, Ubelgiji, halilinganishwi na jani la leo bila kusahihisha hesabu kwanza.

Juu ya nchi kavu mambo ni mepesi, hata katekista anaweza kuyafundisha watoto katika bustani ya shule. Mimea mingi, kama vile muhogo, maharagi, kiazi kitamu na miti yote ya msitu wetu wa miombo, inapokea gazi ya karboni kwa enzimu inayopenda atomu nyepesi. Majani yake yanakaa karibu na -27. Lakini mahindi, mtama, muwa na nyasi nyingi za mbuga zina njia nyingine: zinanasa kwanza gazi yote bila kuchagua sana, kiisha zinaifungia ndani zikaitumie. Hizo zinakaa karibu na -13. Kwa hesabu ya atomu milioni moja za karboni, sombe itakuwa na atomu nzito kama 10,760, na unga wa mahindi kama 10,910. Tofauti ni atomu 150 katika milioni, na mashini inaiona bila taabu. Jambo la kuchekesha ni kwamba lengalenga, ingawa ni mboga kama sombe na tunaipika katika sufuria ileile, iko upande wa mahindi. Na mtu anayekula bukari ya mahindi kila siku, nywele zake zinakuwa nzito kupita nywele za mtu anayekula bukari ya muhogo.

Mtu akiisha kufahamu hayo, anasema: vema, kazi imekuwa rahisi. Tutapima matete ya Nzilo, tutapima mwani, tutapima samaki, na tutajua. Hapo ndipo majani ya maji yanapotucheka.

Juu ya nini? Jani la muhogo linaishi katika hewa, na hewa ni ileile Kolwezi, Likasi na Kalemie. Jani lililozama linaishi katika maji, na maji ya pahali pamoja si maji ya pahali pengine. Tena gazi ya karboni inatembea katika maji polepole mno, kama mara 10,000 polepole kuliko katika hewa. Kila jani lililozama limevikwa ngozi nyembamba ya maji yasiyotikisika, na gazi shurti ipenye ngozi hiyo. Fikiri mama anayenunua maharagi sokoni. Kama magunia ni mengi, anachagua punje nzuri na kuacha mbaya. Lakini siku ambayo lori halikufika na kumebaki kikapu kimoja tu, atachukua zote, nzuri na mbaya, kusudi watoto wasilale njaa. Jani vilevile. Katika maji yanayokimbia, ngozi ile ni nyembamba, gazi inafika tele, jani linachagua atomu nyepesi. Katika ghuba iliyotulia, ngozi inakuwa nene, gazi inachelewa, jani linameza kila kinachofika, nyepesi na nzito pamoja. Kwa hiyo mmea mmoja wa kabila moja, ukiota penye mkondo wa Lualaba unaweza kuwa mwepesi, na ukiota katika maji yaliyolala unaweza kuwa mzito kwa sehemu nyingi za elfu. Osmond na wenzake waliandika mwaka 1981 juu ya majani ya mito na maziwa ya Uingereza na Finland, na mkondo wa maji ulikuwa mmoja wa mambo waliyoyatazama.

Tena karboni ya maji haina sura moja. Kuna gazi iliyoyeyuka, na kuna bikarbonati, ile chumvi ya karboni inayotoka hasa katika mawe ya chokaa. Watu wa Kolwezi wanajua mawe hayo, hata kama hawajui jina lake: sehemu kubwa ya mawe yanayobeba shaba yetu ni dolomi, ndugu ya chokaa, na maji yanayopita ndani yake yanachukua bikarbonati. Sasa bikarbonati ni nzito kupita gazi iliyoyeyuka katika maji yaleyale, kwa sehemu 8 mpaka 10 za elfu. Majani mengine, kama vile kuvumwani wa maji na jamaa zake, hawawezi kuitumia. Wanangoja gazi tu. Mengine, kama Potamogeton na Vallisneria, gazi ikipungua wanaigeukia bikarbonati. Mchana wa jua kali, penye majani mengi, gazi inakwisha upesi, na wale wanaojua kutumia bikarbonati wanaendelea kula. Kila saa ya namna hiyo inaongeza uzito katika jani. Kuna hata mmea mmoja, Hydrilla, ambao ukibanwa na upungufu wa gazi unageuza kazi ya ndani na kufuata njia inayofanana na ya mahindi, na hali ikiwa njema unaiacha. Mimi nikisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifikiri mwandishi amekosea.

Upande mwingine kuna kuoza. Chini ya matete na mafunjo maji ni meusi, yana harufu, yamejaa gazi iliyotoka katika majani yaliyokufa. Gazi hiyo ilikwisha kuchaguliwa mara moja, jani lilipokuwa hai. Sasa jani lililozama linaichagua mara ya pili. Kitu kilichochujwa mara mbili kinakuwa chepesi sana. Kama matopeni kunatoka metani, ile gazi inayowaka, nayo ni nyepesi zaidi tena, mara nyingi kati ya -50 na -80, na vijidudu vinaigeuza kuwa gazi ya karboni ambayo majani yataila. Baraji mpya inapojaa, miti na nyasi zilizofunikwa zinaoza kwa miaka, na katika miaka hiyo karboni ya maji haiwezi kufanana na ya mto wa zamani.

Basi weka yote pamoja. Majani ya maji matamu yaliyopimwa duniani yanatoka karibu -50 mpaka karibu -10. Nchi kavu ina vikundi viwili vilivyo wazi kama mbuzi na kondoo. Majini vikundi hivyo vinafunikwa na kuchanganyika. Jani lililozama la -14 linaweza kufikiriwa kuwa ndugu ya mahindi, kumbe ni jani la kawaida lililokaa katika maji yaliyolala na kula bikarbonati.

Lakini tusiseme kwamba kila kitu ni fujo. Mimea inayosimama na kichwa nje ya maji inakula hewa, na hewa haibadiliki hivyo. Matete yanakaa katika kundi la muhogo. Mafunjo ya Upemba yako katika kundi la mahindi, vilevile nyasi ya kiboko inayoelea kando ya mito mikubwa. Gugu la maji lenye maua ya zambarau, lile lililotoka Amerika na kufunga njia za mitumbwi katika maji mengi ya Afrika, liko pamoja na muhogo. Yungiyungi lina tabia mbili: jani lililolala juu ya maji linakula hewa, lakini jani changa lililo bado chini linakula kile kilicho majini, na hivyo mmea mmoja unaweza kutoa namba mbili. Mwanafunzi asiyejua hayo atachuma majani mawili ya shina moja, atapata majibu mawili, na atailaumu mashini.

Juu ya azoti nitasema kwa ufupi. Azoti nayo ina uzito 14 na uzito 15, na sifuri yake ni hewa. Ile mimea midogo inayoelea, Azolla, inakaa na vijidudu vinavyonasa azoti ya hewani, kwa hiyo namba yake iko karibu na sifuri. Mbolea ya kiwanda nayo iko karibu na sifuri, kwa sababu imetengenezwa kwa hewa. Maji machafu ya mji, yenye vyoo na mavi ya wanyama, yanaacha azoti nzito, mara nyingi +10 na zaidi, na majani yanayokunywa maji hayo yanaibeba. Kwa hiyo majani ya chini ya mji na majani ya juu ya mji yanaweza kuonyesha wapi uchafu unaingia, hata siku ambayo maji yenyewe yamepita na kuonekana safi. Tena azoti inahesabu ngazi za chakula: kila mlaji anakuwa mzito kupita chakula chake kwa sehemu 3 au 4 za elfu, ambapo karboni inapanda kama sehemu moja tu au pungufu. Ndiyo maana wataalamu wanatumia vyote viwili, karboni kwa kujua chakula kilitoka wapi, azoti kwa kujua nani alimla nani.

Turudi kwa mzee na kijana. Nitatoa hesabu ya mfano tu. Tuseme nyasi ya ukingoni, ya kundi la mahindi, iko -12. Mwani uliochukuliwa penye mkondo uko -28. Samaki, tukiisha kupunguza ile sehemu anayoongeza mlaji, yuko -20. Namba -20 iko katikati kabisa ya -12 na -28, basi tunaandika: nusu ya nyama ya samaki imetoka katika nyasi. Mzee ameshinda, majani yasikatwe. Lakini samaki yule hakukaa penye mkondo. Alikaa katika ghuba, na mwani wa ghuba, kwa sababu ya maji yaliyolala, uko -20 wenyewe. Kumbe alikula mwani peke yake, na kijana ndiye aliyekuwa na haki. Samaki mmoja, mashini moja, namba moja, hukumu mbili zinazopingana. Kosa halikuwa katika kupima samaki. Lilikuwa katika kufikiri kwamba mwani ni mwani, popote unapouokota.

Wataalamu wawili wa Australia, Boon na Bunn, waliandika habari hiyo waziwazi mwaka 1994: walionyesha jinsi majani ya maji yanavyotofautiana kutoka pahali mpaka pahali na kutoka wakati mpaka wakati, na ni hatari gani kwa mtu anayetaka kuchora mlolongo wa chakula akiwa na majani machache mkononi. Wapo waliotumia njia hii kwa uangalifu wakapata faida. Huko Amazon, mwaka 1986, Araujo-Lima na wenzake walichunguza samaki wanaokula matope. Kando ya mto ule kuna mbuga kubwa za nyasi zinazoelea, za kundi la mahindi, nyingi kupita kipimo, na mtu yeyote angesema kwamba samaki wanaishi kwa nyasi hizo zikiisha kuoza. Lakini karboni ya nyama zao haikuwa ya nyasi. Ilitoka zaidi katika mwani mdogo usioonekana kwa macho. Na karibu na kwetu, katika ziwa Malawi, Bootsma, Hecky na wenzao walitoa mwaka 1996 habari ya samaki wa pwani ya mawe. Samaki wale wengi wanafanana, wanakaa pahali pamoja, na mtu angefikiri wanakula kitu kimoja. Mwani unaoshika mawe, wenye ngozi nene ya maji, ni mzito. Mwani unaoelea ziwani ni mwepesi. Na nyama za samaki zilionyesha kwamba wamegawana chakula. Angalia vizuri: hapo tofauti ileile iliyotusumbua katika mfano wa Nzilo imekuwa msaada, kwa sababu watu waliijua na kuipima mbele ya kuhukumu.

Huko Nzilo kuna samaki wawili ambao ningependa wanafunzi wawatazame kwa makini, kama wakipata nafasi. Coptodon rendalli anatafuna majani kweli. Oreochromis macrochir anatafuta mwani na vitu laini vya matopeni. Mvuvi anawatia katika kikapu kimoja, na sokoni wote ni tilapia tu. Mtu anayewasaga pamoja kuwa unga mmoja atapata namba ya samaki asiyekuwapo duniani. Na kwa ugomvi wa kijiji, inawezekana kwamba mzee amesema kweli kwa mmoja na kijana kwa mwingine. Tena jani linaweza kufaa bila kuliwa. Samaki wadogo wanajificha kati ya mashina, na mwani unashika juu ya mashina hayo kama unavyoshika mawe. Karboni haiwezi kutoa ushuhuda wa maficho.

Wala haiwezi kutoa ushuhuda wa sumu. Nasema hivi kwa sababu watu wa Kolwezi wana swali lingine, nalo ni zito: je, maji haya yana madini ya migodi? Mito Luilu na Musonoi imechunguzwa, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha shaba na kobalti nyingi katika maji na matope yake. Jani linaweza kuwa na namba nzuri sana ya karboni na pamoja na hayo limejaa shaba. Kwa kujua madini shurti kupima madini. Kuna mtu atauliza: madini nayo hayana izotopu, kusudi tujue yametoka mgodi gani? Shaba inazo mbili imara, uzito 63 na uzito 65, na wataalamu wanaitumia hivyo. Lakini kobalti, ambayo dunia nzima inaitafuta Kolwezi kwa ajili ya batri, ina izotopu moja tu imara, uzito 59. Kobalti yote ya asili ni sawa, ya mgodi huu na ya mgodi ule, ya jiwe na ya majani. Kwa njia hii haitasema kamwe ilitoka wapi.

Sasa neno moja kwa walimu na wakatekista wa ukingoni, kwani mashini ziko mbali, lakini majani yako karibu nao, na kazi ya kuchuma inaharibika mara nyingi kuliko kazi ya kupima. Usichume jani moja na kuliita jani la Nzilo. Chuma penye mkondo na penye utulivu, karibu na ukingo na mbali nao, katika masika na katika kiangazi, maana maji ya mwezi wa pili, yaliyojaa udongo, si maji ya mwezi wa tisa. Jani la juu ya maji na jani la chini ya maji uyatenge. Usugue ule ute unaofunika jani, kwa sababu ute huo ni mwani, kiumbe kingine chenye namba yake, na pengine ndio chakula chenyewe cha samaki. Afadhali uuweke kando katika chupa yake kuliko kuutupa. Kama jani lina ukoko mweupe wa chokaa au konokono wadogo, shurti watoke, na wa labo watamalizia kwa asidi hafifu, kwa kuwa chokaa iko karibu na sifuri na itadanganya jani zima. Kiisha kausha upesi, kwa moto wa taratibu wa nyuzi kama 60, si juu ya moshi wa jikoni. Usifunge majani mabichi katika mfuko wa plastiki: yataoza njiani, na vijidudu vitaanza kuchagua atomu kwa faida yao wenyewe. Juu ya kila bahasha andika jina la mmea, mahali, kina cha maji, mwendo wa maji na tarehe, tena uandike kwa kalamu ya risasi, sababu wino ukilowa mtumbwini hakuna atakayejua bahasha ipi ilikuwa ya ghuba na ipi ya mtoni.